Sprusi kibete, tuya au saipresi: upande mti upi mbele ya nyumba Nyanda za Juu Kusini

Mwaka juzi nilinunua "sprusi" kando ya barabara hapa Mbeya kwa shilingi elfu arobaini na tano. Muuzaji alikuwa na maneno matamu: mti wa kizungu, haurefuki, hautaki kazi. Nikaupakia kwenye bajaji mpaka Uyole, nikauweka pembeni ya ngazi, na kwa wiki mbili kila aliyeingia getini aliambiwa jina lake.

Kisha akaja mjomba wangu kutoka Matamba, mzee aliyetumia nusu ya maisha yake kwenye vitalu vya miti. Kabla hata hatujamaliza kuamkiana alichuma kitawi, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanirudishia.

"Mpwa wangu, hii ni tuya. Ni nzuri tu. Ila umelipia sprusi."

Baadaye sprusi ya kweli niliipata, na tuya ile bado ninayo. Saipresi nimeikuta imezunguka uwanja tangu kwa mwenye nyumba wa kwanza. Kwa hiyo yote mitatu naiona kila asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na ninachoandika hapa kinatokana na kuiangalia hivyo kwa misimu kadhaa.

Namna ya kuitambua kabla hujatoa hela

Alichofanya mjomba hakizidi nusu dakika. Jani la sprusi ni sindano fupi, moja moja, na aghalabu ina pande nne. Ukiibiringisha kati ya vidole inazunguka kama njiti ya kiberiti. Sindano ikidondoka huacha kishina kidogo kigumu kwenye kitawi, ndiyo maana kitawi kikavu cha sprusi kinakwaruza kama msasa. Kama unachoshika hakina sindano na hakikwaruzi, rudisha hela mfukoni.

Tuya ina magamba madogo yaliyobanana, na vitawi vyake bapa vimesimama wima, vimepangana kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa nusu. Saipresi nayo ni ya magamba, lakini vitawi vyake vinachomoza kila upande, havikulala bapa. Ile ya rangi ya manjano inayouzwa kwenye vyungu, ukiisugua inanukia limau. Paina usiichanganye na yoyote kati ya hizi: sindano zake ni ndefu na hutoka kwa mafungu, na hii patula iliyojaa kwenye shamba la miti la Sao Hill huwa tatu tatu, zinaning'inia kama nywele zilizolowa.

Jina lisikubabaishe. "Mti wa Krismasi" huku kwetu ni saipresi au paina iliyokatwa Desemba. Ukimwambia mtu wa Dar anaweza kukuonyesha ule mti wa maua mekundu unaochanua mwisho wa mwaka.

Sprusi kibete ilikotoka

Sprusi kibete inayouzwa sana duniani, ile yenye umbo la pia iliyogeuzwa, iligunduliwa mwaka 1904 karibu na kituo cha reli cha Laggan, jimbo la Alberta nchini Kanada. Walioiona walikuwa wataalamu wawili wa mimea wa Arnold Arboretum ya Chuo Kikuu cha Harvard, Alfred Rehder na John George Jack. Ni sprusi nyeupe ya kawaida ambayo maumbile yake yaligoma kurefuka. Hata huko kwao huongezeka sentimita 5 hadi 10 tu kwa mwaka, na kufika mita 3 au 4 huichukua miongo. Ipo pia ya bluu yenye umbo la mviringo, ambayo asili yake ni milima ya magharibi ya Marekani. Rangi yake ni nta laini juu ya sindano, na ukiipigia dawa ya mafuta nta hiyo inafutika, unabaki na kijani cha kawaida.

Tuya asili yake ni China, na ile kibete ya dhahabu ina umbo la yai. Kwa miaka mingi haizidi kimo cha mtu mzima. Saipresi iliyozagaa shuleni, makanisani na kwenye nyua za zamani kuanzia Iringa mpaka Tukuyu ililetwa kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Hiyo si kibete hata kidogo, ni mkasi tu unaoifanya ionekane fupi.

Afrika haina sprusi ya asili, hata aina moja. Neno hilo ulibebe unaposoma yanayofuata.

Baridi yetu si baridi yao

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilikosea. Tunajiambia: Mbeya ni baridi, Njombe ni baridi zaidi, Makete viazi vinaungua kwa sakitu mwezi wa saba, basi mti wa Kanada utajiona kwao. Baridi haiui sprusi kibete. Kwao hustahimili nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo Julai ya Makete kwake ni mchezo.

Shida ni kwamba mti huu unasoma saa. Kwao, kiangazi kikifika, mchana hunyooka hadi saa kumi na sita. Ndipo unapochipua kwa pupa. Mchana ukianza kufupika, unajua msimu wa theluji unakuja, unafunga macho yake ya kuchipulia kwa magamba ya kahawia na kulala. Usingizi huo unavunjwa na wiki nyingi za baridi mfululizo. Sasa uulete Mbeya, yapata nyuzi 9 kusini ya ikweta. Urefu wa mchana wetu unacheza kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Kwa sprusi, hiyo ni jioni isiyoisha. Nao usiku wa Juni ukiwa wa baridi, saa sita mchana jua linarudi na joto lake, mti haujui kama ulale au uamke.

Yangu hapa Uyole inachipua mara moja kwa mwaka, kishungi cha kijani kibichi chepesi kama nyasi mpya, kisha inanyamaza. Msimu uliopita nilipima kishungi kirefu kuliko vyote kwa rula ya mtoto: sentimita tatu. Upande mmoja macho hayakufunguka kabisa. Ya mjomba kule Matamba, juu zaidi na karibu na Kitulo, imejaa pande zote, ingawa nayo haina haraka. Miti miwili haitoshi kuwa kanuni, lakini tofauti ilikuwa ya kuonekana kwa macho.

Tuya haina mashaka hayo. Joto likiwepo na maji yakiwepo inakua, vikikosekana inasubiri. Saipresi yetu ndiyo kabisa: milima ya Meksiko inafanana na hii yetu kwa mwinuko, kwa mvua za msimu na kwa jua, na ndiyo maana inakua hapa kama imezaliwa hapa.

Kwa hiyo ramani yangu ni hii. Iringa mjini, Mbeya mjini na Tukuyu, yaani kati ya mita 1,500 na 1,700 hivi, sprusi ni mgeni: iweke kwenye chungu, uihudumie kama mgeni. Mafinga na Njombe, kwenye mita 1,900 na kuendelea, unaweza kujaribu ardhini mahali penye kivuli cha mchana. Uporoto na Makete juu, ijaribu bila woga. Tuya na saipresi zipande popote.

Nani atashika mpira wa maji Septemba?

Mwinuko ukishaujua, jiulize swali hilo, na ulijibu kwa ukweli.

Mvua zetu zinaanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Baada ya hapo ni miezi mitano, sita ya ukavu, na Agosti na Septemba kuna upepo wenye vumbi. Mizizi ya sprusi iko juu juu, haichimbi kufuata maji, na kwao udongo hupata unyevu wakati huo huo wa kuchipua. Ikikauka haikupi ishara. Mhindi utaona unakunja majani, mgomba unainamisha kichwa, lakini sprusi inabaki kijani vilevile huku imeshakufa ndani, na sindano zinapukutika wiki kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau siku uliyoruka zamu.

Yangu ipo kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa matundu sita chini. Kiangazi naingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu namwagilia mpaka maji yatoke chini, kikitoka na udongo umeng'ang'ania nauacha. Kwa kawaida inakuwa mara mbili kwa wiki, na wiki za upepo mara tatu. Jioni narushia majani pia, kuondoa vumbi. Juu ya udongo nimetandaza sindano kavu za paina, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina.

Tuya iliyopo ardhini mwaka wa pili niliimwagilia mara moja kwa wiki, mwaka wa tatu mara mbili kwa mwezi. Saipresi simwagilii, ila usidanganyike: kinachopandwa chini yake kinalia njaa. Mama yangu alijaribu kupanda sukuma wiki kando ya ua ule, zikatoka kama za kuchorwa.

Kama kiangazi mnasafiri, au maji ya bomba mtaani kwenu yanakuja kwa zamu, chagua tuya na usiendelee kusoma kuhusu sprusi.

Udongo, na siri ya chini ya mipaina

Yote mitatu inataka udongo usiotuama maji, na kwa hilo sisi wa Mbeya na Rungwe tumebarikiwa: zile kokoto nyepesi za volkano zinazoelea ukizitia kwenye beseni ni bora kuliko kitu chochote cha kununua. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya kokoto hizo na moja ya mboji iliyoiva. Samadi mbichi usiiguse, inaunguza mizizi. Majivu ya jikoni pia, usiyamwage kwenye chungu cha sprusi. Yenyewe inapenda udongo wenye uchachu kidogo, na majivu yanauvunja uchachu huo.

Jambo ambalo wauza miche hawasemi ni kuhusu kuvu. Mizizi ya sprusi, kama ya paina, inaishi kwa ubia na kuvu fulani wanaoivisha mizizi kama soksi na kuisaidia kunyonya maji na fosforasi. Mabwana miti wa zamani wa Afrika Mashariki walilijua hilo kwa kuumia: miche ya paina iligeuka njano vitaluni mpaka walipoleta udongo kutoka chini ya mipaina iliyokwisha kukomaa. Tuya na saipresi zinashirikiana na kundi jingine la kuvu, lililopo karibu kila shamba, hata chini ya mahindi. Ndiyo maana hizi mbili zinashika popote, na sprusi iliyotoka kwenye chungu cha dukani inaweza kukaa imedumaa.

Dawa yake haina gharama. Nenda chini ya mipaina mikubwa, ondoa sindano za juu, chukua viganja viwili vitatu vya udongo wenye nyuzi nyeupe, changanya karibu na mizizi. Mjomba alinijia na mfuko wa udongo huo kama mtu anayeleta zawadi ya asali.

Panda Novemba mwishoni au Desemba, mvua zikishashika. Anayepanda Mei kwa sababu kipato cha mavuno kimeingia anaupeleka mche moja kwa moja kwenye ukavu. Ukiutoa kwenye kiriba, angalia kama mizizi imezunguka kama kata ya kichwani. Kama imezunguka, ichambue kwa vidole na ukate iliyojiviringa, la sivyo itaendelea kuzunguka hapo hapo mpaka ijinyonge.

Wadudu: kila mti na adui yake

Adui wa sprusi ni utitiri. Wakulima wa nyanya wa Ilula sihitaji kuwaeleza utitiri ni nini. Ni wadogo hata macho yanawapita, wanapenda ukavu na vumbi, wanafyonza sindano mpaka zinakuwa na rangi ya shaba iliyofifia, halafu zinamwagika ukigusa tawi. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, gonga tawi mara tatu, tazama. Vumbi hutulia, nukta zikianza kutembea, unao. Maji ya mpira yenye nguvu, yakilengwa ndani na chini ya matawi kila baada ya siku mbili tatu, yananitosha. Nikichelewa natumia maji ya sabuni ya mche na kusuuza baadaye. Usikimbilie sumu ya shambani. Nyingi zinaua wadudu wanaokula utitiri na kuuacha utitiri wenyewe ukisherehekea.

Adui wa saipresi ana historia nzito zaidi. Kidukari wa saipresi alionekana kwa mara ya kwanza barani kwetu Malawi mwaka 1986, akavuka mpaka, na katika miaka michache alikuwa Tanzania na Kenya, akikausha nyua na mashamba. Katika miaka ya 1990 nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya vidukari aliletwa kumpunguza nguvu. Kidukari bado yupo, anakuja na kuondoka. Tawi linakuwa la kahawia kuanzia ndani likielekea nje, chini yake utakuta kunata kama soda iliyomwagika, na sisimizi wanapanda na kushuka. Ua wangu umepoteza miti minne upande wa magharibi, na pengo la saipresi katikati ya ua huwa halizibiki: ukipanda mche mpya pale, ile mikubwa inaukandamiza.

Tuya vilevile ni ya ukoo wa saipresi, kwa hiyo nayo ikague. Yangu mpaka leo haijaguswa.

Mkasi

Hii haina maneno mengi kwa tuya: haitaki mkasi, labda kuichana kwa mkono mara moja kwa mwaka na kutoa majani yaliyokauka ndani. Vaa shati la mikono mirefu, vumbi lake linawasha.

Saipresi ni kazi. Ua wa mita ishirini unataka kukatwa mara mbili kwa mwaka, na fundi anataka hela yake kila mara. Ukiruka mwaka mmoja, umeshachelewa, kwa sababu saipresi ikikatwa mpaka kwenye mti mkavu wa kahawia haichipui tena. Unabaki na ukuta wa vijiti.

Sprusi kibete inajipa umbo yenyewe. Sana sana unapunguza ncha za kishungi kikiwa bado laini. Ila kuna tukio moja usilolipuuza: siku moja unaweza kuona tawi linalochomoka kwa kasi, sindano ndefu, nafasi kubwa kati ya sindano na sindano, kama mtoto aliyevaa suruali iliyompita. Hilo ni tawi lililorudi kwenye asili ya sprusi kubwa. Watu hulifurahia wakidhani mti umenenepa. Likate pale pale linapotokea, lisibaki hata kishina. Ukiliacha litawapita wenzake, na ulichonunua kama kibete kitakuwa mti wa msitu juu na kichaka chini.

Na araukaria je?

Watu wananiuliza kwa sababu inauzwa kila mahali ikiwa na kimo cha goti, matawi yamepangana ghorofa kwa ghorofa. Ni nzuri, nakubali. Asili yake ni kisiwa cha Norfolk kwenye bahari ya Pasifiki, huko hupita mita 50. Sakitu ya Makete inaiunguza, na Mbeya mjini itapanda hadi kwenye nyaya za umeme. Chungu kikubwa kibarazani, sawa. Ardhini, mita tatu kutoka ukutani, hapana.

Nayo podo je? Podo ni ya kwetu, imo kwenye misitu ya Rungwe na safu za Livingstone, majani yake marefu ya kijani kilichoiva, na inavumilia mkasi kuliko saipresi. Ningekuwa naanza ua upya leo ningepanda podo. Haikui haraka, na miche ni ya kutafuta kwa watu wa vitalu vya miti ya asili. Usiende kung'oa msituni.

Kwa hiyo upi?

Mwenye nyumba mjini Mbeya au Iringa anayetaka kitu kidogo, kizuri, mbele ya mlango, na anaishi maisha ya kawaida ya kazi na safari: tuya ya dhahabu, moja au mbili, kwenye jua. Kivulini dhahabu inageuka kijani.

Anayetaka ukuta wa kijani wa kuzuia upepo kwenye kiwanja kikubwa, na ana bajeti ya fundi kila mwaka: saipresi, lakini achanganye na podo ili vidukari wakija wasikute meza moja ndefu.

Sprusi ni ya yule ambaye jioni anapitia mimea yake mmoja mmoja hata kama ana njaa. Akiwa Njombe au Makete ana nafasi nzuri. Akiwa chini ya hapo aiweke kwenye chungu upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi na ikingwe na lile la saa nane, karibu na mlango wa jikoni ambako maji yapo. Na asilipie mpaka abiringishe sindano.

Mjomba alipokuja tena mwezi wa nne nilimuamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya rangi. Akaingiza kidole kwenye udongo, akakitazama, akapangusa kwenye suruali. Halafu akageukia tuya, ambayo sasa imefika kiunoni bila mtu kuishughulikia, akauliza kama ninaweza kumpa vipandikizi vitatu vya kupeleka kanisani kwao.

Nilimkatia vitano, urefu wa kiganja kila kimoja, nikavifunga kwenye gazeti lililolowa.